Kushukuru kwa Mkono Wazi: Mwongozo wa Siku Arobaini kwa Mkristo wa Mombasa

Katika ibada zetu za nyumbani, kuanzia Changamwe hadi Mtwapa, ushuhuda huanza karibu kila mara kwa maneno yale yale: ndugu husimama, husema Bwana asifiwe, humshukuru Mungu kwa uhai, kwa afya na kwa yote aliyomtendea, kisha huketi. Maneno hayo ni ya kweli na sina la kuyapinga. Hata hivyo, niliyasema mwenyewe kwa miaka mingi huku moyo wangu ukiwa umefungwa kwenye kiwanja kimoja cha Mtwapa kama mashua iliyofungwa gatini, na shukrani ile ya jumla haikulegeza hata fundo moja la kamba. Baadaye nilianza kuona kwamba kushukuru na kuacha kutawaliwa na mambo ya dunia ni kazi moja. Anayemshukuru mwingine kwa kitu anakiri kwamba kitu hicho kilitoka kwake, na mtu akishakiri kwamba amepokea, hawezi tena kukikumbatia kitu kana kwamba alizaliwa nacho. Mtume Paulo aliwauliza Wakorintho swali ambalo ningependa msomaji wangu alibebe siku zote arobaini: "Nawe una nini usichokipokea?"

Mwongozo huu ni wa siku arobaini kwa sababu ndizo siku ambazo Wakristo wengi wamezizoea katika Kwaresima, ingawa unaweza kuuanza mwezi wowote. Utahitaji Biblia, daftari la kawaida la shule, na mtu mmoja unayemwamini ambaye utamweleza mara moja kwa wiki unaendeleaje. Daftari si jambo la hiari. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na nimeshuhudia kwamba fadhili za Mungu hupotea kwa njia hiyo hiyo: hazipungui, ila sisi tunazisahau. Ndiyo maana mwandishi wa Zaburi ya 103 anaiamuru nafsi yake mwenyewe isizisahau fadhili zote za Bwana, jambo ambalo asingelihitaji kama kukumbuka kungekuwa kwepesi.

Wiki ya kwanza: tambua kinachokushika

Usianze kwa kutoa wala kwa kufunga. Anza kwa kujua, kwa maana watu wengi huacha vitu visivyowashika na kubaki na vile vinavyowatawala. Nimemwona mtu akiacha soda kwa siku arobaini huku akiendelea kumnunia ndugu yake kwa sababu ya urithi wa minazi.

Kila asubuhi ya wiki hii, kabla ya kushika simu, andika jambo la kwanza lililokujia akilini ulipofumbua macho. Kila jioni andika jambo lililokukasirisha zaidi mchana, kisha ujiulize ni nini kilichokuwa kimeguswa: fedha, heshima, mipango yako, au mtoto ambaye umeweka juu yake matumaini yote ya ukoo. Siku ya saba soma kurasa zako polepole. Utaona jina la kitu kimoja au viwili likirudi, na hapo ndipo penye kazi yako. Bwana Yesu alisema, "kwa kuwa hazina yako ilipo, ndipo utakapokuwapo na moyo wako," nasi tunaweza kuufuata moyo kama mtu afuataye nyayo, mpaka tuifikie hazina ilipofichwa.

Uwe mkweli hasa kuhusu vitu vinavyoonekana vitakatifu. Cheo cha kanisani kinaweza kumshika mtu kwa nguvu kuliko gari. Mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, mwalimu wa kwaya, mzee wa kanisa anayekaa kiti cha mbele, kila mmoja wetu ajiulize angejisikiaje kama Jumapili ijayo angeambiwa amwachie mwingine nafasi hiyo. Ikiwa kifua kinabana kwa wazo hilo tu, liandike.

Katika wiki hii pia inafaa kujua kwamba imani yetu haitufundishi kuvichukia vitu. Agostino, mwana wa Afrika aliyezaliwa katika nchi iitwayo Algeria leo na kuwa askofu wa Hippo hadi alipofariki mwaka 430, alieleza jambo hili kwa mfano ambao mtu wa Mombasa anauelewa upesi. Alisema sisi ni wasafiri tunaorudi kwetu, tunaohitaji vyombo vya nchi kavu na vya baharini ili tufike, na hatari iliyopo ni kwamba utamu wa safari na mwendo wa chombo unaweza kutupumbaza tukasahau kule tulikokuwa tunakwenda. Kila anayevuka kivuko cha Likoni anaishukuru feri na kuihitaji, lakini hakuna anayejenga nyumba juu yake. Kazi, fedha, ndoa na nyumba ni vyombo vya namna hiyo, na baadhi yake ni vizuri mno. Timotheo anaambiwa awaagize matajiri waache kuutumainia utajiri na wamtumaini Mungu, na mara moja, katika mstari huo huo, Mungu anaelezwa kuwa ndiye atupaye vitu vyote kwa wingi ili tuvitumie kwa furaha.

Wiki ya pili na ya tatu: shukuru kwa kutaja majina

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji akae muda mrefu zaidi, kwa sababu hatua hii ndiyo inayodharauliwa sana, na kwa uzoefu wangu ndiyo inayobadilisha mtu.

Kila usiku andika mambo matatu ya siku hiyo. Kila jambo liwe dogo na mahususi kiasi kwamba haliwezi kuandikwa na mtu mwingine wala kuandikwa na wewe siku nyingine. "Asante kwa chakula" halitoshi. "Asante kwa mbaazi na mahamri aliyoniwekea jirani wakati nilipochelewa kutoka zamu" linatosha. Kisha, kwa jambo moja kati ya hayo matatu, fuata njia liliyopitia mpaka kukufikia, ukitaja kila mkono uliolibeba, hadi ufike mahali ambapo hakuna mkono wa mwanadamu.

Chukua mfano wa mtungi wa maji wa lita 20. Wengi wetu tunanunua maji kwa msukuma mkokoteni, na wengi wetu tunalalamika bei inapopanda, jambo lisilo dhambi. Lakini sehemu ya maji ya mji huu hutoka chemchemi za Mzima, katika hifadhi ya Tsavo Magharibi, umbali unaozidi kilomita 200 kutoka baharini. Mvua hunyesha juu ya vilima vya Chyulu, hupenya katika mawe ya volkeno yaliyo kama sifongo, husafiri chini ya ardhi na kutokea Mzima yakiwa safi, kisha huingia katika bomba linaloshuka hadi pwani. Kuna waliolichimbia bomba hilo mtaro na wengi wao wamekwisha kufa. Kuna wanaolitengeneza linapopasuka. Kuna anayefungua bomba la mtaani alfajiri, na kuna kijana anayesukuma mkokoteni juani hadi mlangoni pako. Ukiwataja hao wote kwa Mungu, mmoja baada ya mwingine, utafika kwenye mvua ya Chyulu, na hapo hutakuwa na mtu wa kumtaja isipokuwa Yeye. Mtu aliyeshukuru hivyo kwa mtungi mmoja hawezi kwa urahisi kusema moyoni mwake maneno ambayo Kumbukumbu la Torati sura ya 8 linayakataza, kwamba nguvu zake na uwezo wa mkono wake ndio uliompatia utajiri.

Wale wanaopenda utaratibu wa sala watafaidika na mashauri ya Ignatius wa Loyola, padre wa Kikatoliki aliyefariki mwaka 1556, ambaye aliwafundisha watu kuichunguza siku yao kwa hatua tano: kumshukuru Mungu, kuomba nuru ya kuziona dhambi, kuipitia siku saa kwa saa, kuomba msamaha, na kuazimia kurekebisha. Ninataka uone kwamba shukrani imetangulia toba. Nililelewa katika desturi ya kuanza sala ya usiku kwa kujilaumu, na ninaamini mpangilio huu una hekima, kwa kuwa anayejua amepewa kiasi gani ndiye atakayejua amekosa kiasi gani. Wala mpangilio huo si wa Wakatoliki pekee, maana Mwanglikana, Mmethodisti au Mpentekoste anaweza kuutumia bila kubadili chochote katika imani yake.

Usiviache vitu usivyolipia. Anayevuka Likoni kwa miguu hatozwi nauli, na upepo wa kusi hauna bili. Orodha ya vitu vya bure ikiwa ndefu katika daftari lako, hofu ya kupoteza vile vya kununua hupungua yenyewe.

Shukrani inayowafikia watu

Yesu alipowaponya wakoma kumi, mmoja alirudi akaanguka miguuni pake, na Yesu akauliza, "Hawakutakaswa wote kumi? Wale kenda wa wapi?" Wale tisa walikuwa wakienda kwa makuhani kama walivyoagizwa, kwa hiyo walitii. Walichokosa ni kugeuka na kurudi. Kwa sababu hiyo, ndani ya wiki ya tatu, rudi kwa watu watatu waliokutendea mema ukawashukuru ana kwa ana: mwalimu aliyekufundisha kusoma, jirani aliyekaa na wewe hospitalini, bosi wa zamani aliyekuandikia barua ya kazi. Simu inaruhusiwa kwa aliye mbali. Ujumbe wa kutuma kwa watu wote mara moja hauruhusiwi.

Kabla ya hapo, lipa unachodaiwa. Sina namna ya kulisema hili kwa upole zaidi. Kama dada anayekusaidia nyumbani hajalipwa mshahara wa mwezi uliopita, kama fundi aliyepaka rangi ukuta wako anazungushwa, usimame kwanza pale. Yakobo aliandika kwamba ujira wa wakulima uliozuiliwa kwa hila unapiga kelele, na kelele zao zimeingia masikioni mwa Bwana. Sala ya kushukuru kwa chakula, inayosaliwa mbele ya mpishi asiyelipwa, inaingia katika masikio hayo hayo.

Wiki ya nne: toa kabla ya kutumia

Siku ya mshahara, au siku fedha za biashara zinapoingia, toa sehemu ya Mungu kabla ya kulipa kitu kingine. Sheria ya malimbuko katika Kumbukumbu la Torati sura ya 26 ilimtaka Mwisraeli achukue mazao ya kwanza, ayatie kikapuni, na alipoyatoa asimulie habari za baba yake, Mwarami aliyekaribia kupotea, na jinsi Bwana alivyowatoa utumwani Misri. Alitoa huku akisimulia. Nawe fanya hivyo: kabla ya kutuma sadaka yako kwa M-Pesa, tamka kwa sauti sentensi mbili au tatu kuhusu mahali Mungu alipokutoa. Inachukua nusu dakika, na inatenganisha sadaka na bili ya umeme.

Kiasi gani? Wanaofuata fungu la kumi wana msingi mzuri, na asiyeweza kufikia hapo kwa sasa aanze na anachoweza, kwa kuwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nina maonyo mawili. La kwanza, sadaka si mkopo anaopewa Mungu ili alipe na riba. Mafundisho ya kupanda mbegu ili uvune gari yamewaumiza watu wengi ninaowafahamu, na yanafanya kinyume kabisa cha shukrani, maana anayeshukuru anatazama alichokwisha kupokea, ilhali mwenye kupanda kwa tamaa anatazama asichonacho. La pili, usimpe Mungu fedha za mama yako. Katika Marko sura ya 7, Yesu aliwakemea waliotangaza mali yao kuwa Korbani, yaani wakfu, ili wasiwasaidie wazazi wao. Karo ya mtoto na dawa za mzee ni wajibu ambao Mungu mwenyewe ameuweka.

Katika wiki hii pia, chagua kitu kimoja kutoka katika orodha ya wiki ya kwanza, kitu chenyewe kinachokushika, kisha ukitoe au ukiachilie kwa namna inayolingana nacho. Aliyeshikwa na nguo atoe ile anayoipenda, wala asitoe iliyochakaa. Aliyeshikwa na cheo amfundishe mwingine kazi yake na amwachie aifanye Jumapili moja, naye akae nyuma bila kusahihisha. Aliyeshikwa na simu aizime tangu Jumamosi jua linapotua hadi ibada imalizike kesho yake. Mkono wa birika haufunguki kwa mawaidha. Hufunguka kwa kufunguliwa.

Wiki ya tano: shukrani wakati wa hasara

Kile kiwanja cha Mtwapa nilikilipia kwa miaka sita. Niliponuia kujenga msingi, alijitokeza mtu mwingine mwenye karatasi za zamani kuliko zangu, na baada ya safari nyingi za kwenda na kurudi nilipoteza ardhi na fedha. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa jambo hilo. Ndugu mmoja aliyenipenda aliniambia nimshukuru Mungu kwa yaliyotokea, na kwa wiki kadhaa sikuweza hata kuimba.

Aliyenisaidia alikuwa mchungaji mzee aliyenionyesha kwamba katika 1 Wathesalonike 5:18, pale tunaposoma "shukuruni kwa kila jambo," Kigiriki kinatumia neno lenye maana ya "katika." Hatuamriwi kuita dhuluma kuwa zawadi. Tunaamriwa tusiache kushukuru tukiwa ndani yake. Kwa hiyo katika wiki hii, chukua hasara moja ambayo bado inauma, ugawe ukurasa mara mbili. Upande mmoja andika malalamiko yako kwa Mungu bila kuyapamba, kama Zaburi nyingi zinavyofanya. Upande wa pili andika kilichobaki. Ayubu alirarua joho lake, akanyoa kichwa, akaanguka chini, na akiwa katika hali hiyo ndipo aliposema, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, jina la Bwana na libarikiwe." Machozi na shukrani vilitoka katika kinywa kimoja. Nabii Habakuki naye anahesabu mtini usiochanua, mizabibu isiyo na matunda na zizi lisilo na ng'ombe, kisha ndipo anaposema atamfurahia Bwana. Alihesabu kwanza.

Ukipata nafasi, nenda ukatembelee kaburi lililoko upande wa Nyali, ng'ambo ya kisiwa. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosina. Mwezi Julai mwaka huo huo homa ikawashika. Rosina alijifungua mtoto wa kike, akafariki siku chache baadaye, na mtoto akamfuata mamaye, huku Krapf mwenyewe akiwa mgonjwa sana. Mtu huyo alipata nguvu ya kuwaandikia waliomtuma kwamba kaburi hilo lililoko peke yake pwani ya Afrika ya Mashariki ni dalili kwamba kazi imeanza. Mwaka ule ule alikuwa akitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na mwaka 1846 alihamia Rabai pamoja na mwenzake Johannes Rebmann. Sisemi kwamba hakulia. Ninachosema ni kwamba alikuwa na kitu ambacho homa haikukigusa, na mtu aliyezika kila kitu bado aliweza kuketi na kuandika Neno la Mungu katika lugha yetu. Nilikaa pale saa moja. Kiwanja changu sikukisahau, lakini nilipoondoka niliweza kukitaja katika sala bila sauti kubadilika.

Siku za mwisho

Siku chache zilizobaki hazina kazi mpya. Endelea na mambo matatu ya usiku, na kama unashiriki Meza ya Bwana, ushiriki ukikumbuka kwamba neno Ekaristi lenyewe, katika Kigiriki, maana yake ni shukrani, na kwamba Bwana alishukuru akiwa na mkate mkononi usiku ule aliotolewa.

Siku ya arobaini, fungua daftari tangu ukurasa wa kwanza na uhesabu ni jina la mtu gani limeandikwa mara nyingi zaidi. Huenda likawa la mtu usiyemtarajia. Nenda kwake na daftari lako umsomee. Mimi nilikuta nimemwandika yule kijana wa mkokoteni mara kumi na moja, kwa hiyo asubuhi iliyofuata nilimngoja mlangoni mapema, nikamsomea tarehe zote. Aliniomba nimwonyeshe ukurasa mmoja, akaweka kidole juu ya jina lake kwa muda, kisha akafuta mikono kwenye kanzu yake na kuanza kumimina maji.